Matanga ku musée

Arsène, uko wapi? Kama uko ku cours, toka kwanza. Leo nimeua koko, babu wangu, ku musée.

Hajakufa vraiment. Ngoja nieleze.

Unajua institut yetu ilitutuma kufanya stage ku musée, tusaidie kueleza bageni vitu ya zamani. Leo batoto ba masomo balifika, mumoja akaniuliza kama ile lokole ya zamani, ngoma yetu ya muti, ingali inasema. Mimi mutoto wa Yanonge ninyamaze? Nikakamata fimbo.

Shida ni hii: ninajua kupiga vitu mbili tu. Jina ya koko, alinifundisha mwenyewe. Na ile ya kutangaza kifo, tunaisikiaka ku matanga.

Nikazipiga pamoja, Arsène. Pamoja. Na nguvu.

Bamama ba Yanonge benye kuuzisha samaki ku port balisikia. Bakakuja na kilio. Na viti. Balibeba VITI, Arsène.

Mama Delphine, mumoja wao, akapiga simu kwa koko ili apatie famille pole. Ni koko mwenyewe alikamata simu. Alisema, "Bon, ninakuja." Akakuja na pikipiki, akaikala mbele ya bote, akauliza chakula ya matanga iko wapi.

Alors directeur akatoka ku bureau. Nikasema moyoni stage imekwisha. Akaangalia ile salle yake, kila siku iko tupu, leo batu bamejaa mpaka inje. Akanivuta pembeni, akasema polepole:

"Timothée, jumamosi ijayo nani atakufa?"