Nyumba Niliyoijenga kwa Kifaransa

Montreal,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Goti lako je? Mdogo wangu Lijodi aliniambia umeanza tena kushuka mtoni na ndoo, nikakasirika, kisha nikacheka, kwa sababu nani amewahi kumkataza mama yetu kitu? Mimi ni mzima. Nimeandika kwa makusudi, maana kwa simu ungenikatiza.

Asubuhi nafua mashuka ya hoteli, jioni naenda darasa la Kifaransa. Bila Kifaransa sipati makaratasi ya kukaa, na nikitoka kabla ya makaratasi, sirudi tena huku. Ndiyo maana sijaja. Lakini kutulia siwezi, Mama. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi.

Wiki hii mwalimu alitufundisha kusema mipango ya karibuni. Unasema "je vais", yaani naenda, halafu unaongeza kile unachotaka kufanya. Mama mmoja wa Kolombia akasema anaenda kuosha nywele kesho. Mzee wa Syria anaenda kung'oa jino. Zamu yangu ikafika, nikasema, "Je vais construire une maison." Naenda kujenga nyumba. Wakanipigia makofi, na mimi nikavimba kichwa kidogo.

Mwalimu akauliza wapi. Nikasema Khayega, kwa baba yangu. Nitakaa humo na nani? Nikasema sitakaa, ni simba tu, kijumba cha kijana katika boma la baba yake. Sasa ya nini? Nikaeleza kwa Kifaransa changu cha kuokoteza kwamba mimi ni kifungua mimba, na kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na asiyejenga haleti mke nyumbani. Yule mama wa Kolombia akaniuliza polepole:

"Na ndugu yako ataoa lini?"

Maneno ya kujibu nilikuwa nayo yote. Lakini niliona uchungu, nikatoka nje kwenye baridi ile bila koti.

Lijodi hajawahi kunilalamikia. Ananitumianga picha za matofali aliyochoma, ananiuliza kama nimekula. Lakini nasikia kwao Ayuma, msichana wake, wamechoka kungoja, na kuna mwalimu wa Matete ameanza kupita pale na sukari. Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mama, na tumbo linaloumia si langu.

Mwambie Baba awaite baba zangu wadogo, awaambie neno hili limetoka kinywani mwangu: Lijodi ajenge. Aniruke. Najua vile watu watasema, kwamba aliyerukwa ni kama aliyepotea. Najua Baba ataudhika. Nilitamani sana kusimamisha nguzo ya kwanza mwenyewe, Baba akiwa ameshika upande wa pili. Lakini siwezi kumfungia ndugu yangu maisha kwa nyumba ambamo hata mimi sitalala.

Nisalimie Kukhu, nyanya yangu, mwambie bado naomba kabla ya kula. Nisalimie Senje, dada ya Baba, na huyo Ayuma, shemeji yangu, mwambie avumilie kidogo tu. Na jirani yetu fundi wa paa aanze kunoa msumeno.

Kiwanja changu pale juu, karibu na njia, mkiniachia nitashukuru. Na kama Baba atapanda mahindi hapo, Mama, usiniambie.

Mwanao,
Shivachi