Mwali Anatoka, Mama Yuko Mikumi

Mikumi,
Jumapili, baada ya kufua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Itikia kwanza ndipo uendelee kusoma, hata kama uko peke yako hapo jikoni. Usicheke. Nataka kujua kwamba huko Munisagara kuna mtu ameniambia marahaba.

Mguu unaendeleaje? Dada Tatu aliniambia bado unavimba ukitoka shambani, na kwamba dawa ulizopewa umeziweka juu ya kabati unazitazama. Mama, dawa haiponyi kwa kutazamwa. Na mahindi je, yameshika? Huku mvua imekuja kwa fujo, barabara kuu tu ndiyo inapitika. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mikono imechubuka kwa sabuni. Bado nafua mashuka ya gesti. Juzi nyani walishuka wakaondoka na kipande changu cha sabuni. Mmoja akakaa juu ya ukuta, analamba, anakunja uso, analamba tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakutamani ucheke na wewe, kicheko kikaniishia hapo hapo.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya nyumbani ni ya watu wote. Nikisema "mama" tu, tayari nimewekwa spika, na Mjomba Kibwana anakohoa pembeni. Barua ataileta yule mama wa Masanze anayeuza ndizi huku, nimemwambia akupe mkononi. Herufi nimezifanya kubwa kama zile mlizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, usome mwenyewe kwa kidole chako.

Mama, nimesikia Salima wangu anatoka mwali baada ya mavuno. Hukuniambia wewe, wala Tatu. Nimeambiwa na huyo mama wa ndizi, katikati ya soko, kwamba mwali wa kwa Mjomba Kibwana ameshawekwa ndani na watu wanaandaa ngoma. Nikajifanya nilikuwa najua. Nikachagua ndizi, nikalipa, nikarudi chumbani nikakaa kitandani na mfuko bado mkononi. Mwanangu mwenyewe, mama! Nilimwacha hajui kufunga vifungo vya sare, leo ni mwali, na mimi napata habari kwenye fungu la ndizi.

Kwetu mwali havuki kizingiti bila mkono wa mama yake mzazi. Ndivyo ulivyonitoa mimi. Nakumbuka kiganja chako kilikuwa na mafuta ya nazi, na nje ngoma zilipopanda ulinibana vidole mpaka vikauma. Sasa naambiwa Mjomba ameamua Tatu ndiye atakayemshika Salima mkono, kwa kuwa eti mimi Semeni nimeuchafua ukoo. Tatu ni dada yangu na nampenda, lakini huo mkono si wake.

Uchafu wenyewe unaujua, sitauzungusha. Ng'ombe walipomaliza mahindi yetu kule Rudewa, kesi ikapigwa tarehe mpaka tukachoka, na baba Salima akaaga anakwenda kutafuta kazi asirudi, hakuna kikao cha ukoo kilichoitishwa. Nilikuja huku kupika kwenye hoteli ya madereva wa malori. Hoteli ikafungwa, mtoto huko anaumwa, nanyi mnanitazamia. Nilichofanya nilikifanya, na siku nyingine bado nakifanya, mashuka yanapokuwa machache. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu wewe ni mama yangu na barua haina spika.

Kikao kiliitishwa siku kijana wa hapo kijijini aliponikuta nimesimama pale malori yanapolala. Hakuna aliyemuuliza yeye pale alifuata nini. Mjomba akasema jina langu lisitajwe ndani ya nyumba, na nyumba yenyewe imeezekwa kwa bati nililotuma mimi. Mvua ikinyesha sijasikia ametoka nje kulala uani. Mkono mtupu haulambwi, mama, na wangu mmeulamba wote, kisha mnatema mate. Nisamehe, nimeandika kwa hasira. Sitaifuta lakini.

Sasa nikupe habari iliyonifanya nishike kalamu. Hadija amefariki. Ni yule jirani yangu wa chumba cha pili, mtu wa kwetu Kilosa, niliyekuwa nakusimulia kelele zake. Alishikwa na homa, akasema itapita, haikupita. Naye maisha yake yalikuwa kama yangu. Mtaa mzima ulimjua kwa kazi hiyo moja, kana kwamba alizaliwa nayo. Watoto wa hapa wameonywa wasituamkie, wakikutana nasi njiani wanatazama miguu yao. Mama, wanamwamkia kila mtu, mpaka mlevi aliyelala mtaroni, sisi wanaturuka.

Siku ya msiba mwoshaji wa mtaa akasema kiuno kinamuuma. Tukamwosha wenyewe, mimi na wenzangu wawili, kwa jinsi ulivyonionyesha siku ya bibi. Nilikuwa nakukumbuka kila nikimimina maji. Nje wanawake wachache walikaa kwenye jamvi wakinong'ona. Wanaume walibaki ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la kahawa, kama watu wasubirio basi. Jeneza lilipokuwa tayari, wabebaji walikuwa vijana wanne wa kuosha magari, na shehe akiwangoja.

Ndipo akaja Mama Kulwa. Huyu ni Mnyamwezi, anauza dagaa sokoni, mtani wetu sisi watu wa Kilosa, yeye na Hadija walikuwa wanatukanana kila asubuhi badala ya chai. Aliingia bila hodi, akachukua khanga ya Hadija iliyopauka, akajifunga, akavaa na ndala zake za yeboyebo. Unajua mtani akivaa nguo za marehemu, lazima amwigize. Wale wanawake jamvini wakainamisha vichwa. Wenzangu wakanishika mkono. Sote tuliogopa kitu kimoja: kwamba ataonyesha kile ambacho mtaa ulikuwa unakisema.

Akachukua ndoo, akatembea na ule mguu wa Hadija wa kuburuza, akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Nani kaacha bomba wazi humu? Hee! Mnadhani huu ni mto Mkondoa? Bili nalipa mimi na babu yenu?"

Mama, ilikuwa sauti yake kabisa. Mtu mmoja akacheka, wa pili, mwishowe jamvi zima. Mama Kulwa akawageukia.

"Na wewe mama Shabani, unacheka nini? Juzi umekuja kwangu kuazima mkaa. Jana sukari. Sukari yangu halali, mimi ndiye haramu?"

Kicheko kikakatika. Mama Shabani akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kumtikisika, akalia kwa sauti. Mtani hakasirikiwi, hilo kila mtu analijua, basi walikaa wakaambiwa. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, pua imejaa, huku nikijisemea nyani haoni kundule, leo wameletewa kioo.

Jeneza lilipoinuliwa, Mama Kulwa akalala chali mlangoni.

"Hatoki mtu! Mtani wangu habebwi na watoto wanne kama kabati la kuhama. Mabega ya mtaa huu yako wapi? Nayaona pale ng'ambo yanakunywa kahawa!"

Shehe akatabasamu akatazama pembeni. Vijana wakasimama na mzigo wao. Mzee mmoja wa pale kwenye benchi akaweka kikombe chini, akavuka barabara. Mwingine akamfuata. Halafu wote. Mama Kulwa akainuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Haya, sasa nendeni." Hadija alibebwa kwa kupokezana mpaka wakapotea kwenye kona, kama mtu yeyote mwenye kwao.

Sitaki kukudanganya kwamba mtaa umegeuka malaika. Mama Shabani bado ana ulimi. Lakini kesho yake nilikuwa bombani, binti yake mdogo akasimama mbele yangu, akasema, "Shikamoo mama." Nikanyamaza. Si kwa kiburi, mama, neno lilikataa kutoka. Mtoto akabaki amesimama, maana amefundishwa asiondoke kabla hajaitikiwa. Akarudia, "Shikamoo." Mama yake akasema kutoka mlangoni, "Mwitikie, Semeni, mtoto ana njaa." Nikaitikia. Nikabeba ndoo iliyojaa nusu, ya pili nikaiacha pale pale.

Tangu siku hiyo sina raha. Nimekumbuka kila kitu cha huko kwa mara moja. Honi ya treni ikikata kona, harufu ya mpunga ukitwangwa, wewe unavyomkemea kuku kwa Kisagara halafu unamwomba msamaha. Kwenye simu Salima ananiambia "haya" na "sawa", anamrudishia Tatu simu. Sijui sauti yake imekuwaje akicheka. Natamani kuja nyumbani, mama, natamani mpaka chakula hakishuki.

Basi nakuja. Siombi kibali cha Mjomba. Nilimsimulia Mama Kulwa, akaniuliza, "Mjomba wako si Msagara? Basi ni mtani wangu. Nitakusindikiza. Akileta ubishi nitalala mlangoni mwake mpaka anichinjie jogoo, na nitamwuliza habari za bati mbele ya wageni wake." Ameshaanza kupanga nguo. Namwonea huruma mzee wa watu.

Siku moja kabla ya ngoma tutashuka stendi ya Kilosa na basi la asubuhi. Mjomba nimemwachia mtani. Wasengenyaji nawaachia Mungu, lisemwalo lipo na mimi nipo. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna mtani wa kunisaidia, na ndilo ninalokuomba wewe.

Salima amefunzwa nini juu yangu, sijui. Kama ameambiwa akiniona atazame miguu yake kama watoto wa huku walivyofanya, nitageuka nirudi na basi lile lile, na mkono amshike Tatu. Usimlazimishe, mama. Shikamoo ya kulazimishwa naijua, haishibishi. Ila kama kuna mtu amemkataza, wewe mwondolee hilo katazo, ukiwa unamsuka, kimya kimya, bila kikao. Mwambie tu mama yake anakuja.

Nisalimie dada Tatu, mwambie sina kinyongo na aniwekee mafuta ya nazi. Nisalimie shangazi wa upande wa Rudewa, na kaka anayefanya vibarua relini, na kungwi, ambaye najua atajidai hanijui ilhali alinifunda yeye. Mjomba Kibwana naye msalimie, nampa shikamoo yake kamili, na mwambie mtani wake anakuja, aanze kumfunga jogoo.

Na mama, siku hiyo mwanangu akiniamkia nikachelewa kuitikia, asidhani nimemkataa. Mshike bega, mwambie asubiri kidogo. Marahaba yake nimekaa nayo miaka yote hii, inatoka polepole.

Mimi mwanao nikupendaye,
Semeni, mama Salima