Mjane Ametolewa Mchezoni

Mtaa wa Landless, Alhamisi, Agosti 1994

Halafu Karanja bado ananiita "mama yetu" mbele ya watu.

Nimerudi kutoka Ruiru na hasira ambayo hata sala haijaipunguza. Tulikuwa tunamalizia toleo jipya la ule mchezo wetu wa vijana wa kanisa, ule ambao kila mmoja anajifanya mtu fulani, anasema atakachofanya, na dadu inaamua kama atafaulu. Mwalimu Karanja ndiye anayepiga taipu stensili, zile karatasi za nta za kuchapia nakala. Leo nazisoma, yule mhusika wetu mjane hayuko.

"Mwalimu, mjane ameenda wapi?"

"Nimemtoa, mama yetu. Vijana wanataka shujaa. Huyo kazi yake ni kubishana na chifu tu."

"Na dadu ikimkubali, chifu anamrudishia shamba lake."

"Hiyo ndiyo mbaya sasa. Kanisa lifundishe akina mama kushindana na wakubwa?"

Akacheka, akaongeza sukari kwenye chai.

Yule mjane ni mimi. Karanja anajua. Alikuwa kijijini Kalimoni siku shemeji zangu waliponifukuza shambani, na hakufungua mdomo.

Alipotoka kumsalimia pasta, nilichukua stensili zote nikazikunja mara nne, nikaziweka ndani ya Biblia. Stensili ikikunjwa haichapi tena. Itabidi apige taipu upya, na mara hii nitakuwa nimeketi kando yake, namsomea neno kwa neno.

Nimejaribu kumwombea. Nikifika kwenye jina lake, mdomo unakataa.