Maji Kwenye Shafti ya Mashua ya Baba

Loguivy,
Jumapili, wiki ya pili baada ya Pasaka

Kaka yangu mpendwa Tugdual,

Pokea salamu zangu za mapenzi, wewe, wifi Clotilde na wanangu Katell na Briag. Je, kifua cha Briag kimepoa, au baridi ya Lyon bado inamkohoza? Huku mimi ni mzima wa mwili. Baba naye anakula vizuri; jana alimaliza chapati mbili za ngano nyeusi na siagi, akadai ya tatu. Natanguliza haya ili usije ukaruka kitini utakapoyasoma yanayofuata.

Unajua kwamba kila masika, mashua ikiwa bado nchi kavu, Baba hubadilisha zile kamba za grisi zinazozuia maji pale shafti ya propela inapotokea nje. Mwaka huu alizibadilisha mwenyewe, akanifukuza nilipotaka kumsaidia. Alisema mikono yangu ni ya kukandia unga, si ya kukazia nati. Ndivyo alivyo. Kuwatengenezea wavuvi injini maisha yake yote kumemfanya amwone kila mtu mwanagenzi. Nikacheka, nikaenda zangu.

Jumanne tukatoka kwenda kisiwani Bréhat. Jirani yetu Soizic alimtania Baba kutoka gatini kwamba mashua imechakaa kuliko mwenyewe, na Baba akamjibu kwa sauti, "Afadhali yenyewe imepakwa rangi mwaka huu!" Tuliondoka tukicheka. Katikati ya mlango wa bahari upepo ukafa, mkondo ukaanza kututeremsha kuelekea miambani, basi tukawasha injini.

Nilishuka ndani kuchukua sweta. Mguu ukakanyaga maji.

 Nikafunua mbao za sakafu, na huko nyuma ya injini nikaona nati kubwa inayobana zile kamba imefunguka na kurudi nyuma kwenye shafti. Nati ndogo ya kuizuia isilegee haikuwa imekazwa kabisa. Bahari ilikuwa inaingia kama bomba lililopasuka. Nilimwita Baba ashuke haraka, nami nikashika usukani. Nilijiambia kwamba tumepona, maana nani anaijua kazi hii kuliko yeye?

Alipiga magoti, akaigeuzageuza spana mkononi. Nikamhimiza. Akainua uso akaniuliza, "Binti, kidude hiki ni cha nini?"

Nilidhani ni mizaha yake. Nikamkaripia, Mungu anisamehe, "Baba, tunazama, na wewe unaleta utani!" Akanitazama kwa upole, kama mtu anayejaribu kumtuliza mgeni, akasema, "Basi mwite fundi."

Kaka, fundi gani tena? Fundi ni yeye.

Nilizima injini ili shafti isimame. Sasa maji yakapungua kasi kidogo, lakini mkondo ukatuchukua tena, na povu la miamba nikalisikia kabla sijaliona. Nikamvuta Baba hadi kwenye usukani. Ajabu ni kwamba mikono yake iliushika vizuri, kama kawaida, hata akaanza kupiga mluzi. Mimi nikajitupa chini, nikapapasa ndani ya maji machafu ya grisi nikiisukuma ile nati irudi mahali pake. Haikutaka kushika. Vidole vilikufa ganzi, nikawa nalia na kuisemesha nati kama mtu. Iliposhika, niliikaza kwa spana, nikaikaza na ile ndogo, nikasubiri. Yakabaki matone tu. Tulipoiwasha injini tena, tulikuwa karibu na miamba kiasi cha kuona konokono walioganda juu yake.

Tulipofika gatini Baba alimwambia Soizic kwamba matembezi yalikuwa mazuri sana. Hakuwa anaficha kitu. Hakukumbuka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Sasa nikupe lililonifanya niandike, maana kwenye simu ningelia tu. Asubuhi ya pili yake, akili ikiwa imemkaa sawa, Baba alinishika mkono mezani akakiri kwamba analijua jambo hili tangu majira ya baridi. Hupotea akienda kununua mkate. Kuna siku huzitazama spana zake asijue ni za kazi gani. Alinyamaza kwa sababu alimwahidi Katell kwamba Julai atamfundisha kuendesha mashua. Kaka, alikusudia kuwachukua watoto wote wawili, peke yake, bila mimi. Kila nikifumba macho nawaona wao ndani ya yale maji.

Ufunguo wa injini nimeuficha. Hata hivyo kila nikisikia mlango ukilia, nakimbilia dirishani kutazama kama mlingoti wa mashua bado upo gatini. Namwogopea, na kuna nyakati, naona aibu kulisema, namwogopa yeye mwenyewe.

Ni yeye aliyenituma nikuandikie. Alisema hivi, neno kwa neno: "Mwambie Tugdual asingoje Julai. Aje nikingali namjua kwamba ni mwanangu."

Mpe wifi mkono wangu, na uwakumbatie watoto kwa niaba ya shangazi yao. Kitanda chako nimekwisha kukitandika.

Nduguyo akupendaye,
Azenor