Moshi wa Ebla

Waberi, Garissa

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka kwenye joto hili lisilojua Jumapili. Goti lako linaendeleaje? Mimi sina ugonjwa. Nakula nikikumbushwa, nalala nikichoka.

Uliponipigia simu jana uliuliza kama kazi ya Muema inaendelea, nikakujibu ndiyo. Ulimshukuru Mungu, ukasema maadamu ukungu wake uko hai, mwanao hajaisha.

Najua huko Mwingi walicheka kwamba alisoma hadi chuo kikuu ili afuge ukungu. Lakini ukungu huo ndio uliotoa kimeng'enya cha kugandisha maziwa ya ngamia, ambayo ni magumu mno kugeuka jibini, na kiwanda cha Nairobi kilikuwa kikiusubiri. Mbegu ya akiba ya ukungu huo iliharibika kwenye friji stima ilipopotea wiki ya mazishi. Ikabaki mitungi miwili ya maziwa aliyonunua kwa Ebla, yenye pumba za ngano ambamo ukungu ulikuwa ukiota, nami kila asubuhi nikizinyunyizia maji kama alivyonionyesha.

Ebla ni jirani yetu muuza maziwa. Hajaniacha tangu msiba. Juzi alifunua mitungi, akanusa, akanisikitikia. Aliniita abaayo, dada yake, akasema huzuni imenifanya niache vyombo vioze, na kwao maziwa hayatiwi chomboni mpaka kifukizwe. Akamwaga zile pumba motoni, akasugua mitungi, akatia makaa ya mgunga ndani, akafunika. Moshi ule haubakishi kilicho hai, Mama. Ndiyo kazi yake.

Sasa nikuambie nililoshindwa kusema kwa simu. Nilikuwepo. Nilikaa mlangoni nikitazama tangu mwanzo, na neno moja tu lingetosha kumzuia. Sikulisema. Ebla hajui kosa lolote, nilimshukuru. Hata makaburini hamkuona chozi langu, na kila asubuhi nililisha kitu kile bila kuhisi chochote. Nilichoka kuwa mimi wa kumweka Muema hai.

Moshi ulipojaa nyumba nikasikia njaa, ya kwanza tangu tumzike. Ebla akatia maziwa mapya katika mmoja wa mitungi ileile, akanimiminia. Nikanywa yote.

Nisalimie Wanji na watoto. Nitafika Ijumaa. Ukinifungia mlango, nitakaa nje nikungoje.

Mkaza mwanao,
Kanana