Sekunde Nne za Kipkemboi

Shianda,
14 Septemba 2025

Mwanangu Naliaka,

Mulembe. Huku tuko salama, ni mgongo tu unaonikumbusha umri. Wewe je? Shingo imepoa baada ya ile kofia nzito? Unakulanga vizuri huko Eldoret? Nashukuru unaniandikia, maana simu siisikii tena, hata mtu akipiga kelele.

Video ya mbio zenu za magari imefika. Swafia wa duka la simu ameniwekea, nami nimeitazama mwanzo hadi mwisho. Nafasi ya kwanza! Nilipiga meza chai ikamwagika. Miaka yote hiyo tulisimama kando ya barabara tukila vumbi, leo mwanangu ameketi ndani ya gari namba kumi na moja, anamsomea dereva njia!

Hesabu yangu ni hii. Mko mbele ya Weldon kwa pointi sita, na zimebaki mbio mbili: Nanyuki mwezi ujao, halafu hapa kwetu Kakamega mwisho wa Novemba. Gari la Weldon lina nguvu paliponyooka, lakini Nanyuki ni kona na mawe, na kwenye kona hakuna wa kumshinda dereva wako Kipkemboi. Kwetu yatakuwa matope matupu. Chagueni tairi mapema.

Kitu kimoja tu. Dakika ya saba, kabla ya lile daraja dogo, midomo yako inasoma kona, halafu inaisoma tena. Mkono wako unatoka kwenye kitabu cha noti za njia na kushika usukani. Dereva wako anatazama mbele tu. Sikusikia ulisema nini, lakini nimetazama mara tisa. Kipkemboi analala vizuri?

Ni mimi baba yako,
Barasa


Eldoret,
25 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Mulembe muno. Shingo imepona, nakula vizuri. Mgongo umeupaka ile dawa niliyokutumia?

Nilicheka niliposoma hesabu zako, kwa sababu Weldon naye anasema hivyohivyo kuhusu Nanyuki. Ameagiza springi mpya. Kwa hiyo tusimdharau.

Kuhusu dakika ya saba, nilitaka kukuambia ni mwanga wa jua. Hivyo ndivyo Kipkemboi alivyoniambia mimi. Lakini wewe sikudanganyi. Nilisoma kona, "kushoto mbili, inabana", na hakukata. Nikasoma tena. Nikamtazama, macho yake yako wazi, mikono iko pale, lakini nilihisi niko peke yangu ndani ya gari. Nikavuta usukani. Halafu akarudi, akaendelea kukanyaga mafuta kama hakuna kilichotokea.

Jioni aliniomba nisimwambie mtu. Akasema, "Naliaka, wacha ubingwa upite kwanza. Desemba nitaenda kwa daktari, nakuapia." Mkewe Jepkemboi alikuwa pale anatumiminia chai, naye hajui lolote.

Ni mbio mbili tu, baba. Usiogope.

Mwanao,
Naliaka


Shianda,
1 Oktoba 2025

Mwanangu,

Mulembe. Sina la kukuuliza kuhusu chakula leo.

Usiende Nanyuki. Sema unaumwa. Sema mimi naumwa, sema nimelazwa, sitakasirika. Hayo mambo hayangoji Desemba. Leo ni sekunde mbili, kesho ni nne, na gari lenu kwa sekunde nne linameza uwanja mzima wa mpira.

Tangu barua yako ifike siwezi kumeza hata tonge la obusuma. Nikiona lori linapita hapa barabarani namtazama dereva machoni.

Nakuomba kama mzazi.

Baba yako


Eldoret,
16 Oktoba 2025

Baba,

Mulembe. Najua majirani wamekupa matokeo ya redioni, kwa hiyo usijifanye hujui: tulikwenda, tukamaliza wa pili, Weldon wa kwanza. Springi zake zilifanya kazi. Sasa tunaongoza kwa pointi tatu, na ubingwa wote utaamuliwa Kakamega, kwenye barabara nilizokulia. Njia itapita Shianda! Nilitaka nikuandikie kwa furaha.

Lakini naogopa, baba. Ilitokea tena, asubuhi ya pili. Si kwenye kona, namshukuru Mungu, ni palipokuwa pamenyooka. Nilihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Tulikuwa kilomita mia na sitini kwa saa. Tangu siku hiyo nikifumba macho najikuta nahesabu.

Unaniambia nijiondoe. Nimesubiri kiti hiki miaka saba. Nimewashikia watu saa ya kupima muda, nimeosha magari, nimeambiwa mwanamke hawezi kusoma njia bila kutapika. Nikisema neno moja Kipkemboi amekwisha, nami nimekwisha pamoja naye. Nani atampa kiti navigeta aliyemshtaki dereva wake?

Halafu kuna jambo linanisumbua. Mafundi wetu wote wameitazama ile video. Hakuna aliyeona kitu. Wewe uliona, tena bila kusikia sauti. Ulijuaje?

Mwanao,
Naliaka


Shianda,
26 Oktoba 2025

Naliaka mwanangu,

Mulembe. Nimeianza barua hii mara tatu na kuichana.

Umeuliza nilijuaje. Nilijua kwa sababu ile sura ni yangu.

Nilipokuwa naendesha lori la miwa nilikuwa napotea hivyo. Macho wazi, mikono kwenye usukani, mimi sipo. Mara ya kwanza nilijikuta nimefika kiwandani bila kukumbuka daraja nililovuka. Nikasema ni uchovu. Siku moja mama yako akaniona mezani, kijiko kimesimama hewani, ananisemesha sijibu. Akaniambia, "Barasa, mwambie mkubwa wako." Nikamwambia, "Muhonja, wacha msimu wa kuvuna uishe kwanza."

Msimu ulikuwa umebaki na wiki mbili.

Umekua ukijua kwamba breki za lori zilikatika. Hazikukatika. Tulikuwa tunatoka Musanda, mama yako ameketi kando yangu na kapu la mboga miguuni. Ninachokumbuka ni sauti yake akiita jina langu. Niliporudi lori lilikuwa mtaroni, naye alikuwa hapumui. Polisi waliniuliza, nikasema breki. Dada yake Roda akaniuliza, nikasema breki. Wewe ulikuwa darasa la sita, ukaniuliza umeshika sare yako ya shule mkononi, nikasema breki.

Watu walidhani niliacha kuendesha kwa ajili ya huzuni. Baadaye daktari alinipa jina la ugonjwa, ni kifafa, kile cha aina isiyomwangusha mtu. Vidonge unavyoniona nikimeza kila asubuhi si vya presha.

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimebaki na wewe tu.

Sasa umejua. Nichukie ukitaka, lakini nichukie ukiwa hai. Usiingie kwenye gari hilo.

Baba yako


Shianda,
30 Novemba 2025

Mwanangu,

Leo ni siku ya thelathini na tano sijapata neno kutoka kwako. Ujumbe niliotuma kwa simu haujasomwa. Swafia amekupigia kwa niaba yangu, inaita tu.

Jana nilikwenda barabarani mapema, mvua ikininyeshea. Nilisimama mbali na kona, juu ya tuta, kama nilivyokufundisha. Watu walikuwa wengi hadi ndani ya miwa. Gari la Weldon likapita, matope yakaruka. Likapita la pili, la tano, la tisa. Mwanamke mmoja akanipa leso yake nijifunike. Likapita la mwisho. Namba kumi na moja sikuiona.

Nikamwendea msimamizi wa njia, nikamwomba aniandikie jibu kwenye karatasi kwa sababu sisikii. Akaandika: "Halikuanza." Nikamwuliza kwa nini. Akainua mabega.

Nimeuliza hospitali mbili, hawana jina lako. Sijui nimtume nani mwingine. Naipeleka barua hii kwa fundi wenu Eldoret, labda yeye anajua ulipo.

Ukiwa umeamua kutoniandikia tena, nitaelewa. Nitumie karatasi tupu tu, nijue mkono wako uliiweka kwenye bahasha.

Baba


Mukumu,
9 Desemba 2025

Baba,

Mulembe. Mimi ni mzima. Barua uliyompelekea fundi imenifikia huku. Naomba unisamehe kwa hilo la barabarani. Sikufikiri kwamba ungesimama pale ukihesabu magari.

Barua yako ya Oktoba niliisoma nje ya ofisi ya vifurushi, nikaikunja ndani ya kitabu cha noti. Sikuweza kukujibu. Kila nilipoandika "Baba" niliona kapu la mboga.

Nikaendelea na kazi kama mtu asiyesoma kitu. Siku tatu kabla ya mbio tulikuja Kakamega kukagua njia, kwa gari la kawaida, kilomita arobaini kwa saa. Karibu na Shianda wanawake walikuwa wamepanga mahindi ya kuuza ukingoni. Nikasoma, "Kulia tatu." Hakukata. Nikaita jina lake. Nikaisikia sauti yangu ikimwita, baba, na nikajua ni nani aliyewahi kuita hivyo.

Nilivuta handibreki. Tulisimama juu ya mahindi. Mwanamke mmoja alikuwa hatua moja mbele ya boneti, ameshika ungo.

Kipkemboi akageuka. "Mbona umesimamisha gari?"

"Uliondoka."

"Ni jua tu."

"Mvua haijakatika tangu asubuhi, Kip."

Akatazama kioo, vifuta maji vinacheza. Akaanza kulia. Akasema, "Siku tatu, Naliaka. Siku tatu peke yake." Nilikaribia kukubali. Nataka ulijue hilo. Nilikaribia sana.

Jioni hiyo nilimweleza daktari wa mashindano. Gari likaondolewa. Weldon ndiye bingwa. Kipkemboi aliwaambia mafundi nimemuuza, na kiti sina tena. Mtandaoni wananiita majina nisiyoweza kukuandikia. Jepkemboi peke yake ndiye aliyenipigia. Alisema mumewe amepimwa, ameanza dawa, hasemi na mtu. Halafu akasema asante, akakata simu.

Baada ya hapo nilikuja huku kwa mama mdogo Roda. Nilizima simu. Kila jioni ananisimulia habari za mama, walivyokuwa wasichana, na kila mara anamalizia, "Breki zile, breki zile." Mimi nainamisha kichwa na kula. Wiki moja tu ya kunyamaza hivyo imenikondesha. Sijui wewe uliwezaje miaka kumi na sita, na sijui kama nimekusamehe. Usiniulize bado.

Jumamosi nitakuja huko pamoja naye. Anadhani tunakuja kukusalimu. Usichinje ingokho, yule kuku wa wageni, wala usiite majirani. Yeye ni dada yake mama, alistahili kujua kabla yangu, na anastahili kukukasirikia atakavyo. Utamwambia ukweli kuhusu breki kwa mdomo wako mwenyewe. Akikuuliza kitu usichosikia, nitakuandikia kwenye karatasi.

Nitaketi upande wako mpaka umalize.

Mwanao,
Naliaka