Mashine ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 4 Machi
Lile Jitu, ile kampuni kubwa, limetoa programu ya mafundi cherehani. Bure! Jengo lao lina lifti sita. Sisi tuna ngazi moja na feni inayozunguka ikipenda. Tuko watatu: mimi, Profesa anayeandika programu, na Shangazi chumba cha nyuma. Kazi yetu ni moja tu. Fundi anapiga picha ukurasa wa daftari lake la vipimo, anatutumia, na "mashine" yetu inausoma na kuupanga. Profesa anasema tembo wakipigana nyasi ndizo huumia. Nikamwambia hapa tembo ni mmoja, na wala hajui kama kuna nyasi.

Jumatano, 6 Machi
Mafundi kumi na mmoja wamehama. Wa kumi na mbili kapiga simu kuaga — huyo angalau ana adabu. Nimeumia, nisijidanganye. Wakiendelea hivi, mwisho wa mwezi tunafunga.

Ijumaa, 8 Machi
Tisa wamerudi! Mashine ya Jitu imesoma 7 ikadhani ni 1, na bwana harusi mmoja kaenda kuoa vifundo vya miguu vikiwa nje. Yetu haikosei.
Haikosei kwa sababu ni Shangazi. Alishona miaka thelathini. Hakuna mwandiko wa fundi unaomshinda. Tulimwomba atushikie wiki mbili tu, mpaka programu ya Profesa ijue kusoma. Huu mwaka wa tatu. Na kwenye matangazo tumeandika "akili mnemba", kwa herufi kubwa. Leo kaniambia: mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Labda yetu imezunguka.

Jumanne, 12 Machi
Barua pepe kutoka kwa Jitu! Wanataka kununua teknolojia yetu. Mtu wao anakuja Alhamisi kuiona ikifanya kazi. Profesa kaisoma mara tatu, kisha kakaa sakafuni. Nikamuuliza Shangazi: tuseme ukweli? Akasema ana kurasa arobaini za kusoma, nisimchanganye.

Alhamisi, 14 Machi
Naandika haya chooni.
Mgeni kafika. Mpole, koti la gharama. Akapiga picha ukurasa alioandika mwenyewe, vibaya makusudi, akautuma. Dakika mbili — jibu hilo: "Kiuno 24, nyonga 61? Mtu huyu hayupo. Pima tena." Mgeni akasimama wima. Akakiri kwamba mashine yao ingemshonea mtu huyo suruali bila kuuliza. Akauliza: yenu iko wapi? Nikasema chumba cha nyuma, lakini ina joto sana, haisogelewi. Aibu gani hii! Nikasingizia tumbo nikakimbilia huku.
Ukuta mwembamba. Mlango wa chumba cha nyuma unalia. Nani kaufungua? Sauti ya Shangazi: koti hilo limekukaa vibaya mabegani, baba, hebu inua mikono.
Basi, tumekwisha.
Profesa anagonga, ananong'ona kwenye tundu la kitasa. Mgeni hana hasira hata kidogo. Kasema programu tubaki nayo. Kamuuliza Shangazi kama anaweza kuanza kazi kwao Jumatatu.
Na Shangazi kasemaje?
Profesa ananong'ona tena: Kamwambia kwanza avue koti.